Ukweli Aliowapa Mawakili, Mimi Akaninyima

"Bwana Yoho, huyu Kendra Hupp unamfahamu kwa muda gani?"

Simu nilikuwa nimeibana kati ya sikio na bega. Nilikuwa nimelala chali chini ya sinki la kliniki ya meno, maji yananidondokea shingoni, spana mkononi. Aliyepiga alijitambulisha kwa upole kuwa ni wakili Fenton Grubb, wa ile kamati inayochunguza tabia za wanaotaka uwakili. Kendra alikuwa amenionya tangu Februari kwamba watapiga, nijibu ninachokijua, basi.

Laiti ningemsikiliza.

Kwetu Ohio, kumaliza chuo cha sheria hakukupi ruhusa ya kuufanya mtihani wa uwakili. Kwanza unajaza fomu nene kama kitabu cha nyimbo za kanisani: kila nyumba uliyoishi, kila kazi, kila kesi, kila kosa. Halafu mawakili wawili wa kaunti yako wanakukalisha kitako na kukuchambua. Wasipokupitisha wiki tatu kabla, mtihani wa Julai unabaki kuusikia kwa wenzako. Kendra alikuwa amebakiwa na siku saba tu kabla ya tarehe hiyo.

"Miaka mitatu," nikajibu. "Tunaishi pamoja. Mtihani ukipita, tunaoana."

"Hongereni. Kwa unavyojua, amewahi kukamatwa na polisi?"

Nilijua. Alipokuwa na miaka ishirini na mbili, kwenye maonyesho ya kaunti, alimsukuma askari aliyekuwa anamburuta rafiki yake, akapigwa faini ya kufanya fujo hadharani. Alinisimulia mwenyewe akicheka. Lakini mimi ni fundi bomba, si mwanasheria. Mtu akiniuliza habari ya mwanamke wangu, jambo langu la kwanza ni kumkinga.

"Hajawahi," nikasema. "Kendra hata barabara havuki taa ikiwa nyekundu."

Nikasikia karatasi zinafunuliwa.

"Na ile ndoa yake ya awali? Kuna lolote ungependa kuongeza?"

Spana ikaniponyoka, ikanipiga kifuani. Ndoa gani? Nilifumba macho pale chini ya sinki. Nilitakiwa kusema sijui. Lakini mwanaume gani anamwambia mgeni kwenye simu kwamba hajui kama mchumba wake aliwahi kuolewa?

"Hiyo tulishaiongea, ikaisha," nikasema. "Bwana Grubb, fomu yenyewe tuliijaza wote wawili, ukurasa kwa ukurasa. Hakuna kitu humo nisichokijua."

"Kumbe," akasema wakili, kwa sauti ambayo haikuwa ya upole tena. Akanishukuru, akakata.

Nilifika nyumbani saa kumi na moja jioni. Kendra alikuwa kwenye meza ya jikoni, kalamu sikioni, kadi zake za kukariri zimetapakaa mpaka juu ya jiko. Wiki ya saba hiyo hatujala mezani. Kila jioni nilikuwa namshikia kadi namuuliza, mpaka na mimi nikaanza kujua ushahidi wa kusikia ni upi na mkataba wa ardhi unavunjikaje. Wateja wangu walinicheka wakisema nitaishia kuwashitaki badala ya kuwazibulia vyoo.

Siku hiyo sikushika kadi.

"Nani alikuwa mume wako?"

Akaitoa kalamu sikioni, akaiweka chini taratibu.

"Grubb amepiga."

"Nimekuuliza swali, Kendra."

"Nitalijibu. Kwanza niambie ulimwambia nini, neno kwa neno."

"Kwa nini unaogopa nilichomwambia yeye kuliko nilichokuuliza wewe?"

"Wade, tafadhali. Ulimwambia nini?"

Nikamwambia. Nilipofika kwenye polisi alishika ukingo wa meza. Nilipofika kwenye kuijaza fomu pamoja uso wake ukawa mweupe kuliko zile kadi.

"Yale ya polisi niliyaandika," akasema. "Ukurasa wa kumi na tisa, mpaka jina la yule askari. Kwa hawa watu kosa lenyewe si kitu, Wade. Kulificha ndilo kosa. Sasa mtu anayedai aliijaza fomu pamoja na mimi amewadanganya. Wataamini nilikufundisha kudanganya."

"Hukunifundisha."

"Wao watajuaje?"

Nilijua nimeharibu. Lakini nilikuwa nimebeba donge langu na mimi, na donge likikukaa kooni husikii la mwenzako.

"Mume wako," nikarudia. "Wao wanamjua. Fenton Grubb anamjua. Mimi nimeambiwa nikiwa chini ya sinki."

"Anaitwa Dustin Amsbary. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ilidumu miaka miwili."

"Miaka mitatu tunalala kitanda kimoja."

"Najua."

"Na ulipanga kuniambia lini?"

Akafungua mdomo, akaufunga. Hilo ndilo lililonitoa ndani ya nyumba. Nilichukua begi la zana na mashati mawili, nikaenda kwa kaka yangu Clint, ng'ambo ya mto.

Kesho yake mchana ujumbe ukaingia.

"Kamati imetuita wote wawili. Jumanne saa tatu asubuhi, ofisi ya Bwana Grubb. Nimetakiwa nikupe taarifa."

Niliusoma mara tano nikitafuta neno moja la mapenzi. Hamna. Hata karani wa benki angeweka "habari za mchana". Nikaandika:

"Unataka niende nikaseme nini?"

"Usiniulize hilo."

"Nakuuliza. Niseme nini ili wakupitishe?"

"Wade, nakuomba usiniulize tena."

"Basi siji."

Vidoti vitatu vikatokea, vya mtu anayeandika. Vikapotea. Vikatokea tena. Nilivitazama mpaka kahawa yangu ikapoa, visigeuke neno hata moja. Mwishowe nikaifunika simu kifudifudi. Nikajiambia huyu mwanamke hanihitaji, anamhitaji shahidi.

Ikaja Julai Nne, sikukuu ya uhuru. Mji mzima ulijipanga barabarani kutazama gwaride, magari ya zimamoto, watoto na vibendera vyao. Clint alikuwa nyuma ya nyumba anachoma mahindi. Kaka yangu ni dereva wa lori, mdomo wake hauna breki hata kama lori lake linazo. Alinitania tangu asubuhi. Alisema anaona aibu kuishi na mjane ambaye mchumba wake hajafa. Nilipochoka nikamwonyesha zile meseji ajionee Kendra alivyo baridi.

Clint alizisoma, akapangusa siagi kidoleni, akazisoma tena.

"Dogo, wewe ni mjinga."

"Mimi?"

"Ile kesi ya ajali ya daraja la Belpre, unakumbuka nilikuwa shahidi? Wakili wetu, mtu niliyesoma naye, alikataa hata kuninunulia kahawa. Akaniambia Clint, nikikwambia lolote kuhusu utakachosema, wote wawili tumekwisha. Sasa wewe unamwandikia mwanasheria, tena kwenye simu, niambie niseme nini ili wakupitishe. Akikujibu, si ndiyo kajitia kitanzi?"

Nikaliweka hindi langu chini.

"Angeweza hata kuniambia ananipenda."

"Siku chache kabla ya kikao? Mbele yao hilo nalo si ni hongo?" Clint akageuza mahindi. "Sikiliza. La mume ni lenu, mtagombana mpaka mzeeke. Lakini hili la Jumanne ulilianzisha wewe kwa domo lako. Yeye hajakukimbia. Amefungwa mdomo, na aliyemfunga ni wewe."

Hasira haikuisha siku hiyo, nisiwadanganye. Usiku na mchana nilimwona huyo Dustin, kila mara na sura tofauti. Na nilijua nikienda Jumanne nitatakiwa kusema mbele ya mawakili wawili wa mji huuhuu kwamba mchumba wangu aliwahi kuolewa na mimi sikujua. Mmoja wa hao mawakili, Bi Odessa Pickering, nilikuwa nimemtengenezea mtambo wa maji moto Januari. Marietta ni mji mdogo. Habari ingefika kwa kinyozi kabla sijafika kwenye gari langu.

Jumanne saa tatu kasorobo nilikuwa nimekaa ndani ya gari, ng'ambo ya ofisi ya Grubb, mikono juu ya usukani. Kendra akaja kwa miguu, amevaa ile suti ya bluu tuliyoinunua kwa ajili ya kuapishwa. Amekonda. Akapita kama hatua tatu kutoka kwenye kioo changu, akaliona gari, akaniona mimi. Hakusimama, hakupunga mkono. Alinitazama mara moja tu, machozi yamemjaa, kisha akaangalia mbele na kuingia ndani.

Nikazima gari, nikamfuata.

Grubb alikuwa mnene mwenye miwani, Bi Pickering mwembamba mwenye nywele nyeupe. Grubb hakupoteza muda. Alisema bibi Hupp ameeleza kwenye fomu yake kosa la kufanya fujo. Bwana Yoho, aliyetajwa kama mtu wa karibu, amesema kwenye simu halipo, na akasema fomu waliijaza pamoja. Kamati inataka kujua nani alimwambia nani aseme nini.

"Kabla hujajibu," Bi Pickering akaniambia, "ujue hatima ya huyu binti iko kwenye jibu lako. Sitaki jibu zuri. Nataka la kweli."

Kendra alikuwa anatazama mikono yake.

"Hakuna aliyeniambia," nikasema. "Nilidanganya mwenyewe. La polisi nililijua, alinisimulia zamani. Nilidhani nikilitaja mtamnyima mtihani, nikalificha. Yeye aliniambia nijibu ninachokijua tu. Sikumsikiliza."

"Na fomu mliyoijaza pamoja?" Grubb akauliza.

"Sijawahi hata kuishika."

"Basi kwa nini uliniambia hivyo?"

Hapo ndipo penyewe. Nilihisi masikio yanawaka.

"Kwa sababu uliniuliza habari ya ndoa yake. Nilikuwa siijui. Ulivyoitaja ndiyo mara yangu ya kwanza kuisikia. Niliona aibu, nikajifanya najua kila kitu. Uongo wa pili niliusema ili kuficha kwamba mimi ndiye nisiyejua."

Grubb akaivua miwani. Bi Pickering akamgeukia Kendra.

"Bibie, swali langu la mwisho halimo kwenye fomu, unaweza kulikataa. Sisi hatukujui. Umetuandikia mpaka namba ya kesi ya talaka. Huyu anayeishi na wewe hukumwambia. Kwa nini?"

Nilidhani atakataa.

"Kwa sababu kwenu ningepoteza mtihani tu," akasema. "Nikikosa wa Julai, kuna wa Februari. Nikikosa wa Februari, kuna Julai nyingine. Yeye nikimkosa, hakuna pa kurudia."

"Angekuacha kwa sababu ya ndoa ya utotoni?"

"Si ndoa. Ni nilivyoondoka." Akaweka mikono yote miwili juu ya meza. "Dustin alianguka kwenye kazi ya ujenzi, akapewa dawa za maumivu, zikamtawala. Nilimuuguza, nikamtoa hospitali, akarudia, mara nne. Mara ya nne nikiwa na miaka ishirini na moja niliacha funguo za nyumba kwa nesi, nikaondoka yeye akiwa amelala palepale hospitali. Sikurudi."

Akanigeukia. Kwa mara ya kwanza tangu ile jioni ya jikoni alizungumza na mimi.

"Wiki niliyohamia kwako ulinisimulia mama yako alivyomuuguza baba yako miaka sita mpaka akamzika. Ukasema mwanamke anayemkimbia mume mgonjwa si wa kuweka ndani. Ulikuwa unageuza soseji, unacheka. Mimi nilikuwa nimeshapanga kukuambia jioni ileile."

Zile soseji nilizikumbuka. Maneno sikuyakumbuka hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko jina la Dustin. Nilikuwa nimesema kitu cha kupitisha wakati tu, mwenzangu akakibeba miaka mitatu.

Wakatuambia tusubiri nje. Kulikuwa na benchi moja kwenye ukumbi, tukakaa kila mtu mwisho wake. Sikujua kama bado tumekatazwa kuongea.

"Naruhusiwa sasa?" nikamuuliza.

"Umeshatoa ushahidi. Sasa unaruhusiwa."

"Nisamehe. Kwa simu, na kwa lile neno la soseji."

Akacheka huku analia, ikawa sauti ya ajabu kidogo.

"Na mimi unisamehe. Ulikuwa na haki ya kujua kabla ya Fenton Grubb."

"Huyo Dustin yuko hai?"

"Yuko hai. Aliacha zile dawa mwaka mmoja baada ya mimi kuondoka. Anauza matairi Parkersburg, ana watoto wawili. Mama yake aliniandikia barua moja tu kunishukuru kwamba niliondoka. Alisema kubaki peke yake ndiko kulikomwogopesha mtoto wake akaacha."

"Mimi nisingekimbia," nikasema, halafu nikajirudi. "Hapana. Sijui. Sijawahi kujaribiwa hivyo. Nilisema kama mtu anayejua."

Hapo akasogea, akaegemeza kichwa begani kwangu. Alinukia wino na kahawa. Sikutaka kuondoka kwenye benchi lile.

Mlango ukafunguka. Grubb alitoka na karatasi.

"Bibi Hupp, tumekupitisha. Barua inakwenda leo Columbus, kwa wasimamizi wa mtihani. Umebakiwa na wiki tatu, kasome." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, Bwana Yoho, ukiulizwa tena usilolijua, sema hulijui. Halina faini."

Nyuma yake Bi Pickering akasema mtambo wake wa maji umeanza tena kulia, nipite Alhamisi nikiwa na nafasi.

Zile wiki tatu sikumbuki tulikula nini. Nilimshikia kadi asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi. Katikati ya kadi nilimuuliza maswali yangu, akanijibu yote, hata yale yaliyonichoma. Siku mbili tuligombana hasa kuhusu Dustin, tukanyamaziana, tukarudi kwenye sheria ya ardhi. Nilimpeleka Columbus mwenyewe. Siku mbili za mtihani nilikaa nje kwenye gari na soda ya moto, nikiomba Mungu kwa maneno ambayo mama yangu asingeyakubali.

Majibu yalitoka mwisho wa Oktoba, asubuhi, orodha nzima kwenye mtandao. Nilikuwa kwa mteja. Kendra alinitumia namba tupu: 274. Waliofaulu ni kuanzia 270. Nikampigia, tukalia wote kwenye simu, mwenye nyumba ananitazama akidhani bomba limepasuka.

Novemba akaapishwa, mkono juu, sauti imara kuliko wote waliosimama mstari ule. Ijumaa ya wiki iliyofuata tukaenda mahakama ya kaunti kuchukua kibali cha ndoa.

Karani alikuwa mama mmoja mtu mzima, anayesoma fomu kwa sauti na kuijaza mwenyewe kwenye mashine. Majina, tarehe za kuzaliwa, majina ya wazazi. Mimi nikamaliza. Zamu ya Kendra akafika kwenye mstari unaouliza kama mwombaji amewahi kufunga ndoa.

"Mara moja," Kendra akasema. "Dustin Amsbary. Talaka ilitolewa kaunti hiihii."

Karani akaandika bila kuinua macho. Kendra hakumtazama yeye. Alikuwa ananitazama mimi.

"Kuna kingine chochote cha kueleza?"

"Hakuna kingine," akasema, bado ananitazama.

Karani akatuambia tuinue mikono ya kulia tuape kwamba yote tuliyoyasema ni kweli. Kendra, aliyeapa mbele ya majaji wiki moja nyuma bila kupepesa jicho, mkono wake ulikuwa unatetemeka mbele ya dirisha la karani. Nikamshika ule wa kushoto, tukaapa.